Fundi Nisiyemjua

Daktari alibandika picha kwenye kioo chenye taa,
nikavaa miwani yangu ya karakana.
Miaka thelathini na moja nakereza vyuma hapa Njoro, Moshi:
rola za mashine za kumenya kahawa, bushi, shafti.
Nilidhani najua kitu kinavyozunguka ndani ya kitu.

"Mmekosea," nikamwambia. "Mmefunga kinyume."
Maana Mungu aliweka tufe kwenye kichwa cha mkono,
na kikombe akakichonga begani.
Hapa tufe limepigwa skrubu begani,
kikombe kimekalia mkono.

Akacheka, yule binti wa Kileo.
"Kano za ndani zimelika, mzee, kama mkanda wa mashine.
Tukirudisha lilivyokuwa, mkono utapanda na kuchomoka.
Tumegeuza ili msuli wa nje, huu mnene,
ushike kazi ya wenzake waliokufa."

Nikanyamaza.
Kitovu cha mzunguko kimesogezwa ndani,
kimeshuka kidogo, wenzo umerefuka.
Nani huyu aliyewaza hivi?
Amekata nyuzi za skrubu laini kuliko zangu,
akaacha mgongo wa chuma na mikwaruzo, makusudi,
mfupa upate pa kung'ang'ania,
kama tunavyoparuza ukuta kabla ya lipu.
Hakuandika jina. Nambari tu.

Lakini fundi, Ndeonasia hukumjua.
Saizi yako ndogo kabisa nusura imzidi;
ulipima mabega ya huko kwenu.
Na mbeleko hukuifikiria.

Ni mwezi wa sita tangu apasuliwe.
Anavuta tawi la juu la mbuni,
anachuma, anaringa, anaita majirani waone.
Mkono unapanda. Nyuma haufiki.
Mjukuu akilia, humpandisha mgongoni kwa mkono mmoja,
akainama, akasubiri, bila kuniita.
Natoka na grisi, nafuta viganja kwenye suruali,
naivuta mbeleko ikae chini ya makalio ya mtoto,
fundo anafunga mwenyewe.

Usiku wa jana akaniuliza:
siku nikilazwa kihambani, hicho chuma kitaoza?
Hakiozi, nikamwambia.
Kitakaa chini ya migomba hadi mtu akifukue
aseme, nani alifunga hiki kinyume?

Akacheka mpaka bega likamuuma.
Lile jingine. La Mungu.