Chupa ya Alhamisi

Kila Alhamisi, saa tatu asubuhi,
Mzee Chilewa anaingia maabara bila hodi,
anaweka chupa ya soda mezani kwangu:
maji ya korongo, kizibo cha gunzi.
Hanisalimu. Anakalia ndoo iliyopinduliwa
na kutazama mikono yangu
kama mtu anayehesabiwa hela zake na mwingine.

Shamba lake la zabibu linaanzia pale korongo linapokata kona,
mistari kumi na saba.
Juu yake ni sisi, kiwanda cha ngozi.

Ngozi hutufikia na chumvi na nzi,
hutoka za buluu kwa kromu, laini,
na maji yaliyoziosha hutoka ya buluu vilevile,
mazuri machoni kama anga la Julai juu ya Dodoma.
Ndiyo hatari yake. Sumu hii haikujaliwa sura mbaya.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakuwahi kusimama kwenye tangi langu la tatu.
Hapo natia chokaa, kidogo, tena kidogo,
karatasi inahama toka wekundu kwenda manjano, kwenda kijani,
na ghafla kromu inachoka kujificha.
Inagandamana, inakuwa wingu,
inashuka polepole
kama ng'ombe waliokubali kwamba jua limezama.
Baba yangu alichunga Bahi. Mimi nachunga metali.
Mashapo nayayeyusha kwa asidi, nayarudisha mapipani yakalainishe ngozi nyingine,
asilale ndama nje ya zizi.

Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi.

Mwezi wa nane chokaa iliisha.
Lori limekwama Gairo, siku ya nne sasa,
na msimamizi ananiambia, "Nyemo, achia tu.
Mvua ikija itaosha."
Mvua! Mwezi wa nane! Dodoma!
Nilifunga valvu, ufunguo nikauficha kwenye sidiria.
Ngozi zikaoza bandani, mshahara wangu ukakatwa.
Lakini zamu ya usiku ilikuwa imeshaachia,
saa sita nzima, kabla sijafika.

Alhamisi ile nilipima mara tatu.
Mara tatu chupa ikasema lile lile.
Kalamu ilikuwa yangu, ningeweza kuandika namba nyingine.
Hakuwa na karatasi; nikamwandikia kiganjani,
kwa wino wa buluu,
akakunja ngumi juu yake, akaondoka.
Nilisikia baadaye aliing'oa mistari miwili ya chini
kwa mikono yake, asiite kibarua.

Leo amekuja. Gunzi jipya.
Hakukalia ndoo.
Amenipokonya kijaribio, akakipeleka dirishani,
akakilinganisha na kadi ya rangi, jicho moja kalifumba,
muda mrefu kuliko ninaotumia mimi.
"Safi," amesema, kama anayekiri deni.
Kisha: "Na mwakani?"

Sijui, nimemjibu.
Lete chupa.