Kitanda cha Sita

Nilifika Mpwapwa saa nne, vumbi hadi kwenye kope,
na fomu ya maswali arobaini na moja.
Bwana Lameki, msimamizi, alikuwa amepiga deki;
harufu ya dawa ya choo ilitangulia kunisalimu.

Wakazi wangapi? Kumi na wanne.
Nikahesabu vitanda: kumi na vinne.
Nikahesabu vikombe: kumi na vitano.
Niliandika "sawa", kisha nikalifuta.

Kwenye kitanda cha sita alilala mtu wa miaka hamsini,
shavu nono, kucha zimekatwa.
Daftari linasema alipigana vita vya Kagera.
Nikapiga hesabu kwa vidole, mikono nyuma ya mgongo:
mwaka ule hata meno ya utoto hayajamng'oka.
"Shemeji yangu," akasema Lameki,
wala sikuwa nimeuliza.

Kikombe cha kumi na tano nilikifuata
hadi stoo, nyuma ya magunia ya uwele.
"Mbukwa," ikaniitikia sauti kabla sijabisha.
Mzee Ndahani Masinjila, godoro chini,
visigino vimepasuka kama majaruba ya Bahi mwezi wa kumi.
Uji wake niliuonja:
maji yaliyosimuliwa habari za unga.

"Barua ninayo," akasema, akafungua bahasha.
Mchwa walikula muhuri,
wakala jina la kikosi, wakala tarehe,
wakabakiza pini.

"Tena nisikudanganye, mwanangu. Risasi sikupiga.
Nilikuwa mgambo, nimebeba sufuria.
Wapishi wawili walipokufa siku moja
nikapika mimi, hadi tuliporudi."
Akanyamaza. Akakuna goti.
"Hiyo inahesabika?"

Swali la tisa lina viboksi viwili:
ndiyo, hapana.
Sufuria haina kiboksi.

Mkaguzi haruhusiwi kula kwa anaowakagua;
nimeandika kwamba nimekula, na nilichokula.
Nimeandika kucha za nani zimekatwa, na za nani hazijakatwa.
Swali la arobaini, hewa na madirisha, nimelisahau kabisa.

Kisha karatasi ya ziada, kwa mkono wangu:
*Alipika. Watu walikula, wakarudi wakiwa hai.
Ahamishiwe kitanda cha sita, leo.*

Makao makuu watasema karatasi za ziada haziruhusiwi.
Waing'oe wenyewe.
Nimeibana kwa pini ya mzee,
na ina kutu.