Sungura wa Kumi na Nne

Upanga, saa kumi na mbili na robo.
Feni ya dari inalalamika.
Namwekea Kumi na Nne mchicha wa Kisutu,
kisha nambana kidole cha mguu wa nyuma,
nahesabu: moja, mbili —
anauvuta. Naandika: *anahisi*.

Juzi nilifika kumi.
Dawa ilikuwa imetulia kwenye uti wa mgongo
naye akanitazama tu
kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Daktari Mwaisaka anataka kujua:
maumivu yaliondoka?
Miguu ilirudi?
Swali la tatu jibu lake liko chini ya darubini,
na ili lionekane
lazima Kumi na Nne asiwepo.

Kwenye ngano sungura ndiye mjanja,
humlaghai simba, humpanda fisi mgongoni.
Huyu hana hila.
Ananusa kiganja changu kwa sababu kinanukia mchicha.

Mwezi wa tatu, Temeke, dada yangu Sikujua
aliketi ukingoni mwa kitanda cha upasuaji.
"Jikunje, mama. Toa mgongo. Usitikisike."
Baadaye akanisimulia: nilisikia wakivuta,
sikusikia kuuma.
Mtoto kilo tatu na nukta moja.
Sikumwambia nani alitangulia kukunja mgongo.

Ijumaa nikaosha kizimba, nikakianika juani.
Kadi yake ilipaswa kwenda kwenye faili;
imo pochini, nyuma ya kadi ya kura.

Jumatatu, Kisutu, mkono ukachagua wenyewe
mafungu mawili, kama zamani.
Moja nimempa Kumi na Tano.