Nyongeza

Hapa Mgandini kopo langu lina tundu
nililoliziba kwa gundi ya viatu.
Nauza maharage: ya njano, kablanketi, na yale ya Lushoto.
Mteja akisema "niongeze", naongeza.
Hata asiposema.
Mjamzito wa Makorora namtilia konzi mbili,
mwanafunzi mwenye soksi zisizolingana, moja na nusu,
na Mzee Kihiyo, deni lake la tangu Rajabu,
bado namjazia mpaka maharage yanaporomoka
tunacheka, tunayaokota.
Kopo lisilo na kilele ni uchoyo.

Jioni nabaki na mimi.
Na mimi najipimia kwa kupangusa:
kiganja juu ya mdomo wa kopo, shwaa,
isizidi hata punje.

Siku ile ya Bombo. Wadi ya wanawake, kitanda cha dirishani.
Nilirudi mara moja kufunika magunia, mvua ilikuwa inakuja,
na ada ya Mwantumu ilikuwa humo humo maguniani.
Niliporejea, shuka la mama lilikuwa limekwisha kunjwa.
Mwaka wa tatu huu nazidai zile dakika kwangu mwenyewe,
kila usiku, kama mkopeshaji asiyelala.

Juzi Mwanakombo wa meza ya dagaa alikuwa analia.
Mwanawe kaungua uji, naye yuko sokoni.
Nikamwambia, "Pole, mwenzangu. Ulikuwa unatafuta.
Una mikono miwili tu, ulitaka ifike wapi na wapi?"
Yalinitoka bila kupimwa.
Nikarudi kwenye kigoda changu nikayasikia bado yanazunguka,
yanatafuta pa kukaa.

Mama aliniita Siwema.
Ni mimi niliyelikata jina katikati
nikawa najisomea: si wema, si wema,
kama hukumu.

Leo nimefunga mapema. Nyumbani, barabara ya kumi na tisa,
nachota maharage ya kupika, ya kwangu.
Kiganja kikainuka chenyewe kwenda kupangusa.
Nikakitazama.
Nikakishusha.
Punje nne zikaporomoka, zikaingia chini ya kabati.

Sijui kama ndiko kusamehe huko.
Niliongeza konzi, nikakuna nazi ya pili,
na jikoni, pasipo mtu, nikasema kwa sauti
hata paka wa jirani akageuka:
"Pole, Siwema.
Mvua ilikuwa inakuja."