Mizani ya Fashifashi

Mie ni karani wa mizani, kituo cha karafuu, Wete.
Kutwa nagombana na makonyo na unyevu,
narudisha magunia, nalaaniwa kwa adabu.
Usiku nafungua kompyuta aliyoiacha marehemu kaka,
ile iliyong'oka herufi H,
napima kitu ambacho hakijaruka.

Shemeji yangu Mbarouk Shaame ndiye mwenye fashifashi.
Kibali chake, baruti yake, huko simo.
Mie nimo kwenye ufito.

Maana Idi ya mwaka juzi aliukata kwa kukisia,
"Bismillahi, huu watosha,"
nao haukutosha.
Roketi ilipanda kimo cha mpapai, ikajikumbuka,
ikageuka, ikaingia jikoni kwa Bi Saumu Kombo,
ikalizunguka sufuria la pilau mara mbili
kama mgeni asiyejua akae wapi,
ikafia nyuma ya kinu.
Pilau ililiwa.
Mbarouk aliyeikimbilia na ndoo ya maji,
nyusi yake ya kushoto haijarudi hadi leo.

Basi nikaandika programu. Ndogo, aibu kuionesha:
uzito wa KICWA,
urefu wa UFITO,
uzito wa UFITO,
na chini yake jibu, neno moja.
Nilitaka iweze kusema hapana.
Lakini lugha yetu imekufunga kukana
kwenye herufi ile ile niliyopungukiwa:
hairuki, hainyooki, haifai,
zote zinatoka zimekatwa ulimi.
Nikaifunza kusema kweli bila kukana.
INANYOOKA. INAPINDUKA.

Sentimita sitini: INAPINDUKA.
Sabini: INAPINDUKA.
Mia na ishirini: INANYOOKA,
ila yapanda kivivu, kama mtu aliyeshiba futari.
Mara kumi na saba iliruka ndani ya kioo,
mara kumi na saba hakuna mtoto aliyeamka.
Tisini na nne.
Nikaiandika kiganjani kwa kalamu ya kituo.

Mbarouk hakubisha. Alikata, akafunga,
akailaza roketi juu ya kidole cha shahada,
upana wa vidole viwili nyuma ya mdomo wa moto.
Ikatulia, kichwa huku, mkia kule.
Akanitazama kama niliyemwibia kitu.

Idi pili, uwanja wa skuli, barua ya sheha mfukoni.
Majamvi ya karafuu yalikunjwa hadi la mwisho,
watoto nyuma ya kamba,
Bi Saumu kafunga dirisha lake, kalifunga tena.
Binti yangu Riziki kasimama mita hamsini,
mkononi kipimapembe cha kibweta chake cha hesabu,
uzi, na nati ya baiskeli ikining'inia.

Ikanyooka.
Wallahi ilinyooka.
Kwanza sauti, kama kanga mpya inayochanwa,
kisha kimya,
kisha wekundu,
na uwanja mzima ukamtaja Mungu kwa pumzi moja.

"Nyuzi thelathini na saba!" Riziki akapiga kelele.
Mita thelathini na tisa, basi.
Kioo kiliniahidi hamsini na mbili.

Watu wanashangilia, wanataka nyingine,
mie nahesabu vidole.
Mita kumi na tatu zimekwenda wapi?

Jumatatu nikauchukua kituoni ufito wa pili,
pacha wa ule ulioruka,
uliokatwa siku moja, ukalala nao nje usiku mmoja.
Nikauweka kwenye mizani ndogo ya sampuli.
Gramu sita zaidi.
Umande. Ulikunywa umande hadi asubuhi.

Na mie ndiye niliyemrudisha Faki Makame
wiki ile ile, na magunia yake mawili,
nikamwambia mbele za watu:
"Maji nayo yana uzito, bwana."
Alikuwepo foleni. Sikumtazama usoni.

Usiku nikaongeza kisanduku cha nne.
UNYEVU.
Neno hilo, kwa bahati, halina H.