Saa Moja ya Sevilay

Saa moja usiku duka linafunga milango,
ndipo kazi yake ya pili inapoanza:
Sevilay anapita kati ya rafu na kisanduku cha vibandiko,
anabadilisha bei.

Nje, Eskişehir imejaa theluji iliyokanyagwa,
tramu inapita tupu.
Ndani kuna yeye, na zeituni, na dengu,
na redio ya mlinzi inayosema kamati imeketi tena Ankara,
waajiri upande huu, wafanyakazi upande ule,
serikali katikati, karibu na birika la chai.

Kwa ukucha wa dole gumba anabandua.
Chini ya bei ya leo ipo ya Oktoba,
chini ya Oktoba, Julai,
chini ya Julai karatasi imegandana na chuma, haitoki.
Hiyo ni bei aliyoikuta siku alipoajiriwa.

Hakuwa mtu wa hesabu.
Ila siku moja, akisubiri mizani itulie,
alijiuliza saa yake moja ni jibini kiasi gani.
Januari: gramu mia saba.
Akaandika nyuma ya risiti.
Mei: mia tano na hamsini.
Sasa ni Desemba, na saa ileile,
miguu ileile, mgongo uleule,
makasha yaleyale ya maji ya kubeba kutoka ghalani,
ni mia nne na kidogo,
ukihesabu na karatasi ya kufungia.

Nani aliyekata?
Hakuna aliyeonekana na kisu.

Tunasema haba na haba hujaza kibaba.
Hatukusema itakuwaje
kibaba chenyewe kikinenepa usiku.

Mwenye nyumba, Bwana Rüştü, si mtu mbaya.
Hupanda ngazi na sahani ya keki ya mkewe,
huuliza hali ya kifua cha mtoto,
kisha husema, akiangalia viatu vyake,
"Redio imesema mtaongezewa."
Nyongeza haijafika, tayari ina mwenyewe.

Meneja naye ana lake:
mishahara ikipanda, bei zitapanda.
Sevilay alinyamaza; vidole ndivyo vilivyotaka kujibu.
Mara kumi na moja mwaka huu ameipandisha bei ya jibini
kwa mkono huu,
na muda wote mshahara wake ulikaa kimya kitini,
haukuinuka hata kumpisha mtu.

Saa tatu kasoro, redio inataja kiasi.
Mlinzi Feramuz anapiga kofi moja,
kisha anatazama huku na huku kama aliyeshangilia msibani.
Simu inalia: dada yake, kutoka Kütahya.
"Umesikia? Nyongeza!"

Nyongeza ni neno la mtu aliyebaki na kitu kamili.
Ukilifumua koti langu uzi kwa uzi mwaka mzima,
kisha ukanirudishia mkono mmoja,
usiniambie umenivika.

Hakusema hivyo.
Alisema, "Nimesikia. Watoto wamelala?"

Kisha anafungua bahasha iliyoletwa na gari la jioni:
vibandiko vya Januari,
vimechapwa juzi.

Anabandika zeituni. Anabandika dengu, chai, sabuni.
Rafu ya jibini anaiacha mwisho,
na pale karatasi ya kale ilipong'ang'ania chuma
anapapangusa kwa kitambaa chenye unyevu mpaka tarakimu zinasomeka,
habandiki kitu.

Asubuhi mteja wa kwanza atasimama hapo,
atasoma,
atatafuta miwani.