Jicho la Kushoto

Kulungu hakuomba njia.
Alichomoka mtaroni na baridi yake yote,
akaliacha jicho la kushoto la pikapu likining'inia
kwa waya mmoja, na manyoya machache kwenye grili.
Yeye akaendelea na safari. Mimi nikatambaa na chongo
kilomita ishirini na mbili za changarawe na theluji
hadi zahanati, kwenye zamu ya usiku.

Asubuhi Armand Desjarlais alifuta benchi kwa kiwiko,
akaweka maboksi mawili.

"Hii," akasema, "imetoka kiwandani kwenyewe.
Imelala stoo huko Regina tangu ulipokuwa shule.
Mia nne na ishirini. Moja. Si jozi."
Ile "moja" aliitamka polepole, kama daktari.

"Na hii ni ya Taiwani. Arobaini na nane.
Sikudanganyi: itakaa, lakini kwenye kona
utapitisha ukucha. Na mwanga wake unapenda mbingu.
Utakaza skrubu, utalegeza, utatukana,
nayo itaendelea kuwamulikia bundi."

Nikamuuliza zile nyeupe za kisasa, zinazochoma macho.
Akacheka. "Hizo hazina joto. Theluji ikizishika
haiyeyuki. Utasimama kila baada ya muda uzipanguse kwa glavu,
kama unampangusa mtoto makamasi."

Rahisi huvunja upishi, najua.
Lakini bili ya gesi ilikuwa mfukoni, imekunjwa mara nne,
nami nilikuwa nikiigusa kila alipotaja bei.
Nikamwambia nitafikiri.

Nyumbani, baba yangu Osyp Hnatiuk,
aliyeinunua pikapu hii mwaka wa tisini na moja
kwa ngano ya msimu mmoja mzuri,
aliomba aletewe taa ya kulia, ile iliyopona.
Nikaifungua, nikampa, nikidhani anataka kuiaga.
Ilikuwa ya manjano, ukungu umeingia ngozini.
Akaisogeza karibu na pua.
"Ina mtoto wa jicho," akasema. "Kama mimi.
Tofauti yetu ni foleni: mimi miezi kumi na moja,
yeye jioni moja. Lete dawa ya meno, na soksi."

Alisugua tangu chakula cha jioni hadi taarifa ya habari,
duara dogo, duara dogo,
jikoni kote kukanuka mnanaa.
Hakuwa akiona anachosugua, alikuwa akikisikiliza:
plastiki chafu hulia, alisema, iliyotakata hunyamaza.
Ilipofika saa nne usiku, ikanyamaza.

Kesho yake nikanunua ile ya Taiwani. Moja.

Sasa tuna makengeza. Kushoto kunamulika nyaya,
vichwa vya nguzo, tumbo la bundi aliyekasirika.
Kulia kunalamba barabara tu, mwanga wa rangi ya siagi,
haupandi, haujionyeshi.
Wenye malori ya nafaka hunipigia taa na honi
wakidhani nimewasha kali makusudi.
Wiki ijayo nitarudi kwa Armand, naapa.
Naapa tangu Novemba.

Lakini juzi, saa kumi na moja alfajiri,
nilimkuta baba ameshachemsha maji,
vikombe viwili mezani, changu kina asali tayari.
Kwenye tambarare hii mgeni huonekana
kabla hajaamua kuja; lakini baba,
daktari kaandika, haoni kupita urefu wa mkono wake.

"Umejuaje kwamba ni mimi?"

"Mwanga nauona," akasema. "Wenzako wote
wanakuja na rangi moja. Wewe unakuja na mbili."

Kisha akaniambia nivue buti, nalowesha sakafu.